Kiangazi Nyanya Zilipokufa

Mwezi uliopita binti yangu aliniletea zawadi: ubao wa kukatia mboga, mzito, wenye rangi ya kahawa iliyokaangwa ikakolea. Karatasi iliyobandikwa nyuma yake ilisema umechongwa kwa mjozi mweusi wa Marekani. Nilimshukuru, nikamsifu kwa kuchagua vizuri, halafu nikauweka kabatini nyuma ya masufuria, na mpaka leo sijaukatia hata kitunguu. Yeye anadhani siupendi. Si hivyo, rafiki yangu. Mti huo nilijuana nao nikiwa na miaka kumi na miwili pale Aston, mtaa wa Birmingham, Uingereza, na kwa sababu yake nilimwona mama yangu akimpasua mtu kichwa kwa jembe.

Tuliishi kwenye safu ya nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta, mahali ambapo upepo ukivuma upande huu ulinuka siki ya kiwandani, na ukivuma upande ule ulinuka kimea cha pombe. Mama alikuwa muuguzi. Baba alibaki Nakuru. Barua zake zilikuwa ndefu mwaka wa kwanza, fupi mwaka wa pili, kisha tukazoea kutozingoja. Wageni tulikuwa wengi mtaani, na wenyeji wasiotutaka walikuwa wengi pia. Jumamosi za mechi za mpira Mama alifunga mapazia tangu saa sita mchana, tukakaa chumba cha nyuma tukisikiliza umati ukipita, chupa zikivunjika, na mara mojamoja teke la buti kwenye mlango wetu. Asubuhi ya Jumapili nilifagia vioo kabla ya kwenda kanisani. Hiyo ilikuwa kazi yangu, kama watoto wengine walivyokuwa na kazi ya kulisha kuku.

Furaha yetu ilikuwa shamba. Nyuma ya reli, halmashauri ilikuwa na vishamba vya kukodisha, kila kimoja upana wa vyumba viwili vitatu, na Mama alipata kimoja upesi ajabu kwa kuwa hakuna aliyekitaka. Kilikuwa pembeni, chini ya mti mkubwa mno wa gome jeusi lenye mifereji mirefu. Hatukujua jina lake. Mimi niliuita mti wa mipira, maana kila vuli uliangusha matunda ya kijani, ya duara, yenye harufu kali kama ya limau lililochanganywa na rangi ya viatu. Mama alipanda mahindi, maharage, maboga na vitunguu, kwa mbegu zilizofika kwenye bahasha kutoka nyumbani, na sukuma wiki akaipeleka mwisho kabisa wa shamba, mbali na kivuli. Vyote vilimea. Mahindi ya Birmingham hayakuwa marefu, lakini tuliyachoma palepale kwenye bati, tukayala na chumvi na pilipili, na ule moshi ulikuwa unamnyamazisha Mama kwa namna nzuri.

Aliyetusaidia kujenga kibanda cha zana alikuwa jirani yetu, Singasinga wa makamo aliyekuwa seremala Nakuru kabla ya kuhamia Uingereza. Kila mtu alimwita Fundi. Mikono iliyokuwa imetengeneza nusu ya madawati ya shule za Nakuru sasa ilikaza skrubu ileile kutwa nzima kwenye kiwanda cha magari, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili alikuja shambani na randa yake kama mtu anayekuja kunywa maji. Kiswahili chake kilikuwa kile cha karakana. "Mama, hii kibanda hapana anguka," alisema akipiga nguzo kwa kiganja. "Hata wewe nakufa, hii nabaki." Mama alicheka hadi akashika mbavu.

Shamba lililopakana na letu lilikuwa la Mwingereza mmoja mwenye kifua kipana na shingo nyekundu. Alifuga njiwa wa mashindano katika banda refu lililosimama upande wetu, kwa hiyo Mama alimwita Bwana Njiwa, na sisi sote tukamwita hivyo, kisirisiri. Hakutusalimu. Vuli moja nilijipenyeza chini ya uzio wake kuokota mipira yangu ya kijani. Alinishika sikio, akalisokota hadi nikapiga magoti, kisha akanipiga kofi lililonifanya nisikie kengele. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeikumbatia ile mipira, nikaimenya yote kwa hasira. Mikono ikawa myeusi tii. Sabuni haikuuondoa weusi ule, wala jiwe la kusugulia miguu. Kesho yake mwalimu wa darasa alinichapa rula kumi kwa uchafu, na wasichana wakapita wakiuliza kama rangi yangu ilikuwa imeanza kuchuja. Mmoja nilimvunja jino. Nikachapwa tena.

Basi kikaja kile kiangazi cha ukame, ambacho waliokuwepo wanakizungumzia hadi leo. Jua lilitoka mwezi wa tano likakataa kuondoka. Nyasi zikawa za rangi ya simba, lami ikawa inanata kwenye viatu, na halmashauri ikapiga marufuku mipira ya kumwagilia bustani. Watu walimwagilia mboga kwa maji waliyoogea, na hasira zilikuwa karibu karibu; kwenye foleni ya mkate niliona wanaume wawili wakipigana hadi mmoja akatemea meno mkononi.

Majira yale ya kuchipua, Bwana Njiwa alikuwa ameuza njiwa wake na kubomoa banda. Pale lilipokuwa, kwenye udongo ulioshiba mavi ya njiwa kwa miaka, alipanda safu tatu za nyanya na mbili za viazi. Ulikuwa udongo ambao mkulima yeyote angeuota. Aliziimarisha kwa vijiti, akazifunga kwa uzi, akazipigia mluzi kama alivyokuwa akiwapigia njiwa.

Jioni moja, baada ya shule, Mama alinituma na ndoo ya maji ya kuoga nikamwagilie maboga. Mama alipotoka wodini aliogea maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Yalikuwa meupe na yananuka hospitali. Nilipofika, Fundi alikuwa juu ya kibanda akigongelea karatasi ya lami, mgongo umenielekea. Bwana Njiwa hakuwepo. Nilitazama zile nyanya zake, nikashika sikio langu. Kisha nikanyoosha ndoo juu ya uzio nikaimwaga yote kwenye safu ya kwanza.

Haikupita wiki, nyanya zikaanza kuugua. Mchana majani yalilegea, jioni yakajiinua. Siku ya nne hayakujiinua. Safu ya kwanza ikafa, ya pili ikafuata, ya tatu ikafuata. Viazi navyo vikanyauka vikawa kama uzi. Na ng'ambo ya uzio, hatua mbili tu, mahindi ya Mama yalisimama kijani kibichi na maharage yakiyapanda. Mimi sikuweza kula. Nilijua nimeua, na kwamba sumu yangu ilikuwa inatembea ardhini.

Jumapili, tulipotoka kanisani tukapitia shambani, Bwana Njiwa alikuwa anatungoja na wenzake wawili. Walinuka bia. Mmoja alikuwa na mpini wa sururu. Kabla hatujasema lolote, Bwana Njiwa alianza kufyeka mahindi yetu kwa panga fupi, bua baada ya bua, bila kupiga kelele. Mama aliyaona mahindi yakianguka na kitambaa chake cha kichwa cha kanisani bado kiko kichwani.

"Unafanya nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

Akageuka. Na hapo, rafiki yangu, akafungua mdomo akatoa Kiswahili. "Simama! Mikono juu!"

Kumbe alikuwa amepelekwa Kenya akiwa askari kijana, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na wapigania uhuru. Kiswahili chote alichokuwa nacho kilikuwa cha kuamrisha. Mama yangu alikuwa msichana wa miaka kumi miaka ile, katika kijiji kilichozungushiwa handaki la miti iliyochongwa, na sauti ya namna ile ilikuwa imemtoa nje ya nyumba usiku na mchana. Nilimwona akiinua mikono. Mama yangu, muuguzi, mbele yangu, akainua mikono miwili juu, mkoba wa Biblia ukaning'inia kwenye kiwiko.

"Mimi najua nyinyi," Bwana Njiwa alisema. "Kule nyinyi natia sumu kwa ng'ombe. Hapa natia sumu kwa shamba yangu. Nani natia dawa? Sema! Nani?"

Macho yake yalishuka kutoka kwa Mama hadi kwangu. 

Fundi alitoka nyuma ya kibanda na nyundo mkononi. Aliiweka chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Wewe hapana angalia mtoto," alisema. "Mimi. Mimi natia."

Yule mwenye mpini hakungoja. Fundi aliinua mkono wa kulia kujikinga na nikasikia mfupa. Unalia kama kuni kavu, huo mlio siusahau. Alianguka, kilemba kikafunguka, na wakampiga akiwa chini, mbavuni na mgongoni, huku Bwana Njiwa akirudia, "Simama! Simama!" kwa mtu ambaye hakuweza kusimama.

Sijui ni neno la ngapi lililomwamsha Mama. Mikono yake ilishuka, ikaokota jembe, na jembe likapanda na kushuka mara moja tu. Lilimpata Bwana Njiwa juu ya sikio. Damu iliruka hadi kwenye maboga. Alikaa chini kama mtoto, akashika kichwa, akaangalia kiganja chake, na wenzake wakakimbia kuelekea reli.

Mama alibaki na jembe lake pengine kwa muda wa kuhesabu tano. Kisha akalitupa, akavua kitambaa chake cha kichwa, akapiga magoti na kukikandamiza juu ya kidonda cha mtu yule. "Tulia," alimwambia, kwa Kiswahili. "Tulia, usitikise kichwa." Akaniamuru nimkimbilie mwenye simu. Alipokuja kumgeukia Fundi, Mama alikuwa analia kwa sauti, na mikono yake ilifanya kazi bila kumngoja.

Polisi walikuja wakaandika. Bwana Njiwa, akiwa na nyuzi kumi na nne kichwani, alimshtaki Fundi kwa sumu na Mama kwa shambulio. Hospitali ilimwambia Mama asirudi kazini mpaka kesi iamuliwe. Akipatikana na hatia, uuguzi ungekuwa basi, na bila uuguzi tungerudi Nakuru, kwa nani, hatukujua. Mama alikaa jikoni akimenya viazi vingi kuliko tulivyoweza kula.  Nami nikanyamaza. Nilinyamaza siku tisa.

Siku ya tisa Mama alinituma kwa Fundi na bakuli la githeri, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Mkewe alinikaribisha, akaenda kuchemsha chai. Fundi alikuwa kwenye kiti, plasta kutoka vidole hadi begani, jicho moja bado limefumba. Nilisimama mbele yake na bakuli langu.

"Weka chini, nachoma wewe," alisema. Nikaweka. "Mimi naona wewe," akasema. "Ile siku, na ndoo. Mimi juu ya kibanda, mimi naona."

Nilianza kulia. Nikamuuliza kwa nini alisema ni yeye.

"Wewe mtoto," alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu kamili. Kisha akaniinamia. "Lakini sasa sema. Hapana kwa mimi. Mama yako nafukuzwa. Tafuta mtu naweza sikia, sema yote."

Mama niliogopa kumwambia. Kanisani niliona aibu. Kesho yake nilibaki darasani baada ya kengele, nikamwambia mwalimu wa sayansi, mwanamke mrefu asiyecheka, ambaye hakuwahi kunipiga wala kunisifu. Nilimwambia yote: sikio, ndoo, dawa, mkono wa Fundi, jembe. Alinisikiliza akifuta ubao. "Dawa hiyo iliyochanganywa na maji ya kuoga haiwezi kuua safu tatu za nyanya," alisema. "Viazi pia? Na mahindi yenu hayakuguswa?" Akaweka kifutio chini. "Je, kuna mti?"

Alikuja siku hiyohiyo kwa baiskeli. Hakutazama nyanya zilizokufa. Alisimama chini ya mti wa mipira, akashika gome lake, akasugua jani akalinusa, akauliza kama ni mimi niliyechapwa kwa mikono myeusi vuli iliyopita. Kisha akaniambia, polepole, kama anayesomea mgonjwa barua. Huu ulikuwa mjozi mweusi. Kwao ni Marekani, upande wa mashariki, kuanzia nchi ya maziwa makuu ya kaskazini kushuka hadi karibu na bahari ya kusini, kwenye mabonde ya mito yenye udongo mzito. Hauvumilii kivuli. Mzizi wake mkuu huzama chini sana na mingine husambaa kupita kivuli chake, na kutoka katika mizizi, majani na maganda hutoka sumu inayozuia majirani wasiunyang'anye maji. Nyanya haziiwezi. Viazi haviiwezi. Mahindi, maharage, maboga na vitunguu huishi nayo bila shida. Kindi ndio huupanda: huzika jozi ardhini, husahau baadhi, na zilizosahauliwa humea. Lakini huu wa hapa ulipandwa na mtu, zamani, wakati ardhi yote ile ilipokuwa bustani ya tajiri fulani aliyependa vitu vya mbali. Na mwaka wa ukame, alisema, mizizi ilikuwa na kiu. Lile banda la njiwa lilikuwa limeificha. Bwana Njiwa alipolibomoa, alipanda nyanya juu ya mizizi hiyo.

Akachukua miche miwili ya nyanya kwenye vyungu. Mmoja tuliumwagilia maji ya kuoga ya Mama yenye dawa. Mwingine, maji tuliyolowekea majani ya mti ule. Niliikagua kila asubuhi kabla ya sala ya shule. Wa maji ya kuoga ulisinyaa kidogo pembeni ukaendelea kuishi. Wa majani ulilegea, ukajiinua, ukalegea, na siku ya sita ulilala kabisa juu ya ukingo wa chungu.

Tulivipeleka vyungu kwa Bwana Njiwa, mwalimu na mimi. Alifungua mlango akiwa na bandeji. Mwalimu alieleza yote mlangoni, hakukaribishwa ndani. Yeye alitazama vyungu, akanitazama mimi, na mwalimu akanisukuma kidogo begani.

"Nilimwaga maji ya kuoga," nilisema. "Kwa sababu ulinipiga. Lakini Fundi hakufanya kitu."

Uso wake uliwaka. Nilidhani atanipiga tena, na mwalimu naye alidhani hivyo, maana alisogea mbele yangu. Bwana Njiwa alifunga mlango. Siku mbili baadaye alikwenda polisi akaondoa mashtaka. Mwenye mpini wa sururu hakupatikana kamwe, wala Bwana Njiwa hakumtaja. Mama alirudi kazini wiki iliyofuata. Mimi alinipiga kofi moja nilipomweleza habari ya ndoo, kisha akanivuta akanishika kwa nguvu hadi pumzi ikanitoka, na akanituma niende kila jioni nikawe mkono wa kulia wa Fundi mpaka plasta itoke.

Bwana Njiwa hakuomba radhi. Alikuja na shoka kuukata ule mti. Kwa siku tatu tulisikia mlio wake toka nyumbani, na siku ya nne halmashauri ikatuma watu na misumeno kumalizia, kwa kuwa alikuwa ameukata vibaya na ungeweza kuangukia reli. Uliangukia mahindi yaliyobaki. Katikati ya shina mti ulikuwa wa rangi ya zambarau iliyoiva, kisha hewa ikaugeuza kahawia mbele ya macho yetu. Fundi alisimama na mkono wake kwenye kitambaa, akalamba kidole kimoja cha mkono mzima na kukipitisha kwenye shina lile bichi. "Muti mzuri hii," alisema. "Watu nakosa akili, muti naadhibiwa." Mkono wake haukunyooka tena. Randa hakuishika tena maisha yake yote.

Mwaka uliofuata miche ya mjozi ilichipua kila mahali: kwenye njia, katikati ya vitunguu, hadi kando ya reli. Kindi walikuwa wamezika zaidi ya tulivyojua. Asubuhi moja ya Jumamosi Mama aliinama upande wake wa uzio akiing'oa, na Bwana Njiwa akainama upande wake akiing'oa, kwa saa nzima. Mimi nilishika ndoo. Kovu la Bwana Njiwa lilikuwa jeupe juu ya sikio. Kisha, bila kuinua uso, aliuliza, "Mama. Mahindi napanda mwezi gani?"

Mama aling'oa mche mmoja, akang'oa wa pili. "Wa tano," alisema. "Baridi ikiisha."

Hawakuwa marafiki. Usidhani hivyo. Lakini alipanda mahindi.

Leo pale shambani kuna maegesho ya magari na jengo la ghorofa tatu. Nilipita mwaka juzi. Kibanda ambacho Fundi alisema hakitaanguka kilibomolewa na mashine asubuhi moja; Mama amezikwa hukuhuku Uingereza, Fundi amechomwa kwa desturi yao, na Bwana Njiwa sijui aliishia wapi. Viwanda vimefungwa, upepo haunuki siki tena. Binti yangu anaelewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza, na nikimgusia kidogo tu ya siku zile husema, pole sana Mama, mlikuwa na maisha magumu. Ni kweli, yalikuwa magumu. Hata hivyo, kuna mchana mwingine hapa nyumbani, dirisha likiwa wazi na mtaa umetulia, ambapo natamani nisikie mtu akigonga msumari ng'ambo ya uzio, aniulize kwa kelele, kwa Kiswahili chake kibovu, kama nimekula.